Moto Chini ya Hina

Nyeri, 10 Februari 1980

Eedo Marwo,

Asalaam aleikum. Nyeri mchana jua linachoma na jioni tunakumbatia blanketi, lakini sina kikohozi na ninakula, kwa hiyo hilo usiniulize. Baba alipita hapa wiki jana akishuka Sagana na mbuzi. Alisimama langoni mwa hospitali, akakataa kuingia kwa sababu harufu ya dawa inamwumiza kichwa, akanipa samli uliyonitumia. Nilipomwuliza habari zako alisema, “Shangazi yako yuko. Ana maneno kuliko redio.” Nikajua uko salama.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Unajua mwaka huu nimerudi darasani, ingawa bado nafanya kazi kwenye kliniki ya wagonjwa wa sukari kila Jumanne. Ili amalize kozi, kila muuguzi lazima afanye utafiti wake mdogo, auandike, na ausome mbele ya wengine. Wenzangu wamechagua sindano na uchemshaji wa vyombo. Mimi nimeshindwa. Kila Jumanne nakaa nyuma ya meza, nachemsha mkojo na dawa ya buluu, natazama kama utageuka kijani au rangi ya matofali, naandika rangi, naita mwingine. Hakuna anayemwuliza yule mtu analalaje.

Mwezi jana mama mmoja wa hapa Nyeri, Wamucii, alipewa vidonge vyake, akafika mlangoni, akageuka. Akasema, “Na huu moto je?” Nikamwuliza moto gani. Akavua viatu. Nyayo zake zilikuwa nyayo tu, sikuona kitu. Akasema zinawaka kama amekanyaga majivu ya jikoni, na akilala ndipo zinapochochewa. Nimewauliza wengine. Karibu wote wana huo moto. Daktari anasema ni sukari imeharibu mishipa ya fahamu, na dawa yake hana. Anasema hivyo huku anaandika, na mgonjwa anajiondokea. Nachukia jinsi wanavyoondoka.

Ndipo nikakukumbuka. Desemba nilikukuta jikoni umeweka miguu juu ya gunia, nyayo zote umezipaka hina, bila ua, bila mchoro. Nikakuuliza, eedo, unaolewa? Ukasema, “Naolewa na usingizi.” Ukaniambia hina inapoza ule moto.

Nataka kuijaribu kwa wagonjwa wangu. Nilimwambia mwalimu wetu, Sista Wachuka. Alinitazama juu ya miwani, akasema, “Nikikukataza utanisumbua mpaka Krismasi. Jaribu, lakini andika kila kitu.” Basi niandikie unavyoichanganya. Na uniambie nyayo zako zikoje. Uliniambia mwenyewe kwamba una sukari, lakini kila nikiuliza zaidi unaniletea habari za mbuzi.

Mtoto wako,
Sahra

*

Nanyuki, 2 Machi 1980

Eedo Sahra,

Waaleikum salaam. Barua yako imekaa posta kwa sababu baba yako alikwenda Isiolo na ufunguo wa sanduku mfukoni. Amerudi na mbuzi wembamba na bei nene.

Hii naandika kwa mkono wangu. Tangu niingie ngumbaru sina haja ya mtu kuniandikia, na mambo yangu yamekuwa yangu. Mwalimu Simeon aliona bahasha akauliza, “Mama Marwo, wewe unamwita eedo, na yeye anakuita eedo. Sasa nani ni shangazi ya mwenzake?” Nikamwambia kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake wanaitana jina moja, ili wakigombana kila mtu ajue anajigombeza mwenyewe. Sasa darasa zima la wazee wa Kikuyu linaniita eedo.

Hina usinunue ya pakiti, ile imetiwa dawa ya nywele. Nunua majani, twanga, chunga kwa kitambaa, changanya na ndimu na chai ya rangi iliyopoa. Iache mpaka ikolee. Paka wayo wote, funga kitambaa cha pamba, lala. Asubuhi kwangua. Sabuni usitie siku hiyo.

Wiki hii nimepaka maharusi wawili. Mmoja hakutulia, maua yake yakatoka kama kuku amepita. Mama yake hakuona, alikuwa analia.

Kitu kimoja. Jina langu usiliandike katika kitabu chenu. Hapa Nanyuki kila bibi harusi wa Kisomali amepita mikononi mwangu. Wakisikia Marwo ana ugonjwa, mama atasema mkono wa mgonjwa usimguse mwanangu, kisha atatafuta mwingine, na huyo mwingine hajui kazi.

Nyayo zangu zinawaka, nazipaka, zinalala. Inatosha.

Shangazi yako,
Marwo

*

Nyeri, 6 Aprili 1980

Eedo,

Salamu zako zilifika pamoja na mvua. Leo kengele za Pasaka zimelia tangu alfajiri na wenzangu wote wamekwenda kanisani, kwa hiyo bweni ni langu peke yangu, na nimetembea ndani yake mpaka nimechoka. Siwezi kukaa. Hata chakula nakula nimesimama. Mwambie baba kwamba nimepata ile sweta na inanitosha.

Kazi imeanza. Nimewagawa wagonjwa makundi mawili. Kundi moja napaka hina. Kundi la pili naosha miguu yao kwa maji ya vuguvugu na kuipaka mafuta, kwa sababu Sista Wachuka aliniuliza swali zuri: nitajuaje kama kinachotuliza ni hina, au ni kule kushikwa miguu na mtu asiye na haraka?

Tatizo lilikuwa kuupima moto wenyewe. Ukimwuliza mtu maumivu ni kiasi gani, anakujibu, “Ni kiasi.” Nikakata vijiti vya mti wa muwati, kumi kwa kila mtu, nikaviweka mezani. Nawaambia: hizi ni kuni za moto wa miguu yako, weka mbele yangu zile zinazowaka leo. Hapo wanaelewa wote, hata asiyejua kusoma, maana nani hapa hajui kuni? Mzee Nderitu, mkulima wa viazi kutoka Mweiga, aliweka zote, kisha akaniuliza kama kuna nyingine nje.

Ungekuwepo ungecheka. Wamucii alipoona bakuli la hina alisema, “Sasa tukishapakwa kama maharusi wa Kisomali, mahari italipwa na serikali?” Na Mzee Nderitu aliporudi wiki ya pili alikuwa na hasira. “Mke wangu ameona hizi nyayo akanyamaza mchana kutwa. Jioni akaniuliza, ‘Huyo mwingine anaitwa nani?’” Ilibidi amlete mkewe, nikamwonyesha bakuli. Mama yule akaitazama hina, akanitazama mimi, akasema, “Ati ni dawa. Haya.”

Lakini kuni zinapungua, eedo. Wale wa maji na mafuta zinapungua kidogo, wale wa hina zinapungua sana. Jumanne iliyopita Mzee Nderitu alisukuma vijiti vyote kwangu, meza ikabaki tupu mbele yake. Akasema, “Hakuna kuni. Moto umekwisha.” Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, kwa sababu niliogopa watu waone uso wangu.

Mwisho wa mwezi nina Jumapili huru. Nitakuja, nikuwekee vijiti na wewe.

Sahra

*

Nanyuki, 24 Aprili 1980

Eedo Sahra,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, mvua imeharibu barabara ya sokoni, baba yako anakohoa na hataki kusema.

Jumapili hiyo usije. Kuna wageni kutoka Isiolo, wamelala mpaka jikoni.

Umeniuliza kuni. Sina haja ya kuwekewa meza. Meza yangu ni tupu kama ya mzee wako wa viazi. Moto umezima kabisa, natembea kama msichana. Hata vile viatu vyeusi vilivyokuwa vinanibana nimevirudia. Havibani tena.

Andika kwamba inafanya kazi. Jina langu usiandike.

Marwo

*

Nyeri, 4 Mei 1980

Eedo,

Natumaini wageni wameondoka na kikohozi cha baba kimeondoka nao. Mwambie aende dispensari, na akikataa mwambie nitakuja na bomba la sindano.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Umenifurahisha kuliko unavyojua. Nimekuweka katika ripoti kama “mwanamke mmoja wa mji wa kaskazini,” hakuna atakayekutambua. Sista Wachuka amepanga nisome tarehe 24 Juni, mbele ya wauguzi wa wilaya nzima. Amesema nipunguze maneno “kwa hakika.” Nimepunguza machache.

Sielewi kwa nini sitosheki. Nilipokuwa sina jibu nilikuwa natembeatembea, na sasa ninalo na bado natembeatembea. Mstari wako wa viatu unanirudia. Nimefurahi kwamba havibani, lakini unanirudia hata nikiwa nachemsha mkojo wa watu, na sijui unataka nini kwangu.

Sahra

*

Nyeri, 21 Mei 1980

Eedo Marwo,

Nisamehe, salamu nitazifupisha. Mimi mzima. Soma hii ukiwa peke yako.

Jana ilikuwa kliniki. Mzee Nderitu alikuja kama kawaida, akakaa, akasukuma vijiti vyote upande wangu bila kungoja niulize. “Hakuna kuni, mwanangu.” Niliandika sifuri. Aliposimama niliona akala lake limeacha alama sakafuni, alama mbichi. Nikamwambia avue. Akala ni kile kiatu cha tairi la gari, mikanda yake hupigiliwa misumari. Msumari mmoja ulikuwa umepenya ukasimama ndani, na juu ya msumari ulikuwa mguu wake.

Nikamwuliza ameanza lini kuumia. Alinishangaa. “Kuumia wapi?”

Alikuwa ametembea hivyo sijui siku ngapi, shambani, sokoni, hapa. Hina ilikuwa nzito kiasi kwamba wekundu hauonekani na weusi hauonekani. Nilipoiosha ndipo nikaona kidonda, na usaha, na mpaka wa ngozi iliyokufa. Yeye alikaa akitazama dirishani, ananieleza bei ya viazi.

Amelazwa. Hatujui kama mguu utabaki.

Sista Wachuka hakunigombeza. Alichukua pamba, akamwambia kila mgonjwa wangu afumbe macho, akagusa nyayo, akawaambia waseme ndiyo wakiguswa. Wengine walisema. Wengine walinyamaza na pamba iko juu ya ngozi. Wengi wa walionyamaza ni wale walioniachia meza tupu. Kisha akaniambia, “Sahra, uliwauliza kama inaunguza. Hukuwauliza kama inahisi.”

Unaelewa, eedo? Hina iliwapoza baadhi, hilo bado naliamini, Wamucii anahisi pamba na analala. Lakini wengine moto wao haukutulizwa. Ulizima kwa sababu mishipa imekufa, na mimi nikaandika kwamba wamepona. Nilikuwa na furaha, Mzee Nderitu yuko juu ya msumari, na mimi nina furaha.

Viatu haviachi kubana hivihivi.

Tafadhali. Kwangua hina yote, osha miguu, mwambie mtu mwenye macho mazuri atazame nyayo zako na katikati ya vidole. Kisha fumba macho akuguse na pamba. Usimwambie baba kama hutaki, lakini mwambie mtu. Na hina usipake tena miguuni mpaka nikwambie. Nijibu upesi.

Sahra

*

Nanyuki, 9 Juni 1980

Eedo Sahra,

Waaleikum salaam. Nimechelewa kwa sababu kulikuwa na mambo. Baba yako amepona kikohozi, amenunua dume la mbuzi ambalo limekula kamba yake na kanzu ya jirani yetu Haji. Haji anataka kanzu mpya, baba yako anasema ile ilikuwa ya zamani, wamepelekana kwa wazee. Mwalimu Simeon ametupa mtihani na mimi nimepita, amesema mwandiko wangu umesimama kama askari. Baridi imeanza, mlima hauonekani. Arusi ni nyingi kwa sababu watu wanataka kumaliza kabla ya Ramadhani, na hii ya Jumapili tarehe 15 ni kubwa, ng'ombe watachinjwa. Siku hiyo usije, hutapata hata pa kusimama.

Nimesikitika kwa huyo mzee. Mungu amponye.

Ile ya pamba nimeisoma. Watu wazima hawachezi kufumba macho. Miguu ipo.

Marwo

*

Nyeri, 12 Juni 1980

Eedo,

Kurasa mbili za mbuzi na kanzu, na maneno mawili ya miguu.

Nimekuandikia kuhusu mtu aliyekanyaga msumari bila kujua, na wewe umenijibu kama mtu aliyeulizwa hali ya hewa. Nina hasira na sitaificha. Ulinilea tangu mama afariki, ulinifundisha kwamba kunyamaza si uongo, na nimegundua ni uongo mara nyingine.

Tarehe 24 nasoma ripoti. Sijui nitasoma nini. Kila ukurasa nikiufungua nakukuta wewe, mwanamke wa mji wa kaskazini, anayetembea kama msichana.

Jumapili tarehe 22 nakuja. Kama kuna wageni nitakaa juu ya wageni.

Sahra

*

Nanyuki, 17 Juni 1980

Eedo yangu,

Barua yako nilipewa nikiwa kwa Watiri, yule anayeuza sukuma wiki mlango wa pili. Nilikaa nayo. Kisha nikamwambia, “Watiri, chukua pamba hii. Nitafumba macho, uniguse wayo, mimi nitasema ndiyo.” Nikafumba. Nikangoja. Nikamwambia, “Anza basi.”

Akasema, “Marwo, nimemaliza kitambo.”

Alileta karai, akasugua hina. Unamjua Watiri, tangu nimfahamu mdomo wake haujapumzika. Hapo alinyamaza. Halafu akasema, “Hapa chini ya kidole kikubwa kuna shimo. Na mimi niko na siku nyingi nikisema harufu hii ni ngozi za mbuzi za kaka yako.” Akalia kidogo, akakasirika kwamba amelia, akanifunga na kitambaa safi.

Sasa nikwambie, kwa sababu umesema uongo na neno hilo limenikaa. Kidonda sikukijua. Lakini kwamba miguu haihisi, nilijua. Mwezi wa tatu nilitoka kuzuru mgonjwa, nikafika nyumbani na kiatu kimoja. Kingine kilibaki njiani, sijui wapi. Nilitembea mguu mtupu juu ya changarawe nikidhani nimevaa. Nilikaa mlangoni nikatazama ule mguu kama mguu wa mtu mwingine. Niliogopa, sikumwambia mtu.

Halafu ikaja barua yako ya kuni. Tangu mama yako afe sijakusikia na furaha namna ile. Nikasema, kama huko Nyeri waliosoma wanasema kutowaka ni kupona, basi labda nimepona. Nikakuandikia meza yangu tupu. Haikuwa uongo. Ilikuwa vile ulivyotaka, na vile nilivyotaka.

Na kuna maharusi. Mwanamke aliyekatwa mguu hataitwa kupaka bibi harusi. Wataona ni mkosi. Umesoma vitabu, lakini hili unalijua bila kitabu.

Jumapili usije. Nitakuja mwenyewe kliniki Jumanne. Ninakubali kutazamwa, na hata hilo lingine kama hakuna njia. Lakini wewe usinishike. Najua Jumanne ni siku yako ya kusoma, na nimeichagua kwa sababu hiyo. Mbele yako mimi ni eedo, wakinikata nitakwambia haiumi. Nipe mtu nisiyemjua, nimwambie.

Baba yako nitamwambia mwenyewe.

Marwo

*

Nyeri, 20 Juni 1980

Eedo,

Nampa barua hii kondakta wa basi la Nanyuki, posta haitawahi.

Nimeisoma na kwanza nikakataa. Nilisema moyoni, mimi ndiye ninayejua mguu huo, mimi ndiye niliyeuharibu, mtu mwingine aushike kwa nini? Nilikwenda kwa Sista Wachuka nikiwa na hoja zote nimezipanga. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Wewe unataka kutibiwa na mguu wa shangazi yako. Yeye anataka kutibiwa mguu.”

Jumanne atakupokea yeye. Ni mrefu, ana miwani, sauti yake ni kavu lakini mikono yake haina haraka. Mwambie yote, hata ya kiatu kilichobaki njiani. Nitakuwa ukumbini na sitashuka kliniki. Wakikulaza, nitakuja wodini kama ndugu wengine, saa za kutazama wagonjwa, na sitauliza kitu. Hii ni ahadi ngumu kwangu, unanijua. Wewe niahidi moja tu: wakisema ngoja, ngoja. Usirudi Nanyuki kwa sababu ya arusi ya mtu.

Ripoti nilitaka kuitoa. Sista amekataa. Kwa hiyo nitasimama na kusoma kwamba hina iliwapoza waliokuwa bado wanahisi, na kwamba iliwafunika waliokuwa hawahisi tena, na kwamba mtafiti hakujua tofauti kwa sababu alihesabu ukimya kama nafuu. Nitasoma kwamba kila mgonjwa aguswe kwanza, ndipo aulizwe. Na jambo moja ambalo nililiongeza asubuhi hii: kwamba wagonjwa walimpenda muuguzi wao, wakampa jibu alilolitamani. Hili sikulipata kwa vijiti.

Mzee Nderitu amekatwa chini ya goti. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza, akasema, “Haya. Sasa niambie nitachimbaje viazi.” Hakusema amenisamehe. Bado nakwenda kila siku.

Vaa soksi nene, na usivae vile viatu vyeusi.

Sahra

*

Nanyuki, 3 Agosti 1980

Eedo Sahra,

Waaleikum salaam. Tumo katikati ya Ramadhani. Daktari amenikataza kufunga, kwa hiyo nalisha maskini, na nakula nyuma ya mlango kama mwizi, si kwa mtu, ni kwa aibu tu. Watiri ananifunga kidonda kila asubuhi. Anaongea tena, kwa hiyo kinapona. Vidole viwili vimekwenda na mguu umebaki. Baba yako nilipomwonyesha alitoka nje akakaa na mbuzi wake mpaka magharibi, kisha akaniletea kiti cha mgongo. Mama mmoja amempeleka binti yake kwa mwingine. Mama wa pili alikuja na binti na bakuli, akasema, “Unapaka kwa mkono, au unapaka kwa vidole vya miguu?” Huyo arusi yake ni baada ya Idi.

Wiki zote nilizolazwa ulikuja saa za wageni, ukakaa pembeni ya kitanda, ukanieleza habari za mvua. Hukuuliza. Nilikuona unavyolimeza lile swali, linapanda, unalimeza tena. Ulitimiza. Sista Wachuka nilimwambia yote ile Jumanne ya kwanza, na yeye aliandika, na mara moja aliweka kalamu chini. Lakini yeye si wangu.

Sasa nakujibu wewe. Mguu wa kulia hauhisi mpaka kwenye kifundo. Wa kushoto umeanza, kwenye vidole. Nikilala nashika blanketi kwa mkono nijue kama miguu bado imo ndani. Nikisikia harufu yoyote nyumbani nadhani ni mimi. Naogopa, eedo. Naogopa kila siku, na zaidi asubuhi, Watiri anapofungua kitambaa na kabla hajasema kitu. Sijawahi kumwambia mtu wa damu yangu kwamba naogopa, hata mama yako alipokuwa anakufa.

Njoo Jumapili, uitazame miguu mwenyewe.

Marwo